IST inapiga mluzi kwenye spika ukikanyaga mafuta, amplifaya inakata yenyewe: ni altaneta au ethi?

#1 Boneti_Wazi (mleta mada)
Wakuu habari. Gari ni Toyota IST, injini 2NZ. Redio ni ya Android ya inchi 9, amplifaya ya chaneli 4 ipo kwenye buti, sabufa moja ya inchi 12 pamoja na spika za milangoni. Nina matatizo matatu.

Injini ikiwaka, spika zinatoa mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mafuta. Sauti ikizidi nusu, hasa usiku taa na AC zikiwa zimewashwa, amplifaya inawasha taa nyekundu na kukata, halafu baada ya sekunde chache inarudi. La tatu, gari likilala siku mbili betri haizungushi starta.

Fundi kasema altaneta, nibadilishe. Betri inasoma 12.5 injini ikiwa imezimwa na 14.2 ikiwa inaunguruma. Kwa vipimo hivyo altaneta inaweza kweli kuwa mbovu? Nataka kujua cha kupima kabla ya kutoa hela.

#2 Ethi_Kwanza
Ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Mluzi unaofuata mafuta mara nyingi ni ethi. Fungua buti uone waya mweusi wa amplifaya umefungwa wapi. Ukikuta upo kwenye bolti ya mkanda wa kiti, au skrubu ya bati juu ya rangi, anzia hapo. Bolti ya mkanda wa kiti ina gundi kwenye nyuzi, haipitishi umeme vizuri, na si ya kufunguafungua maana inashikilia roho ya mtu.

Tafuta chuma kinene cha bodi. Chungulia chini kabla ya kutoboa, kuna tangi na bomba za breki. Piga msasa mpaka chuma king'ae, eneo kubwa kuliko kichwa cha waya. Funga kwa bolti ya milimita 8, pete (washa) yenye meno, nati, kisha paka rangi au grisi juu yake isishike kutu. Waya usizidi nusu mita na unene uwe sawa na ule mwekundu.

#3 Mita_Mkononi
Ethi_Kwanza, unampa dawa kabla hajapimwa. Mleta mada, kwanza tujue kelele inaingilia wapi. Washa injini, kisha:

Teremsha sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukipotea, unatoka kabla ya kidhibiti sauti, yaani kwenye chanzo: waya wa AUX, simu iliyo kwenye chaji, au FM. Ukibaki vilevile, unaingia baada ya hapo.

Zima, chomoa nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio) upande wa amplifaya, washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya na ethi yake si wazalishaji peke yao, kelele inapita kwenye RCA. Ukiendelea kusikia mluzi hata RCA zikiwa nje, basi ni upande wa umeme wa amplifaya au amplifaya yenyewe.

Jambo la lazima: kila unapochomoa au kuchomeka RCA, redio na amplifaya viwe vimezimwa. Nitaeleza kwa nini tukifika huko.

#4 Koili_Moto
Mimi nipo na fundi wake. Volti 14.2 haithibitishi kwamba altaneta ni nzima. Ndani kuna daiodi sita kuu zinazogeuza umeme wa AC (unaogeuka pande, si kiyoyozi) kuwa DC (wa upande mmoja). Ikifa moja, tano zinaendelea kuchaji na volti unaiona nzuri, ila umeme unatoka na mawimbi. Hayo mawimbi ndiyo mluzi.

Daiodi ikivuja badala ya kukatika inanyonya betri usiku kucha. Na altaneta iliyopungukiwa daiodi haifikishi ampia zake, ukiwasha taa na AC volti inashuka, amplifaya inakata. Matatizo yote matatu yana baba mmoja hapo.

Weka mita kwenye AC, pima betri injini ikiwaka. Ikizidi volti 0.5, daiodi imekufa.

#5 Sabufa_Tulivu
Naweka kigoda hapa. Uzi huu uhifadhiwe.

#6 Boneti_Wazi (mleta mada)
Shukrani wakuu. Nimefanya ya #3. Sauti ikiwa sifuri mluzi upo palepale. Nikitoa RCA zote kunakuwa kimya kabisa. Bluetooth, USB na FM ni hali moja.

Nimefanya na ya #4. Mita kwenye AC inasoma 31! Altaneta imekwisha?

#7 Koili_Moto
31 ni balaa. Badilisha.

#8 Mita_Mkononi
Hapana, msimuuzie mtu altaneta kwa kipimo hicho. Mita yako ni zile ndogo za njano za bei ya chini? Hizo upande wa AC hazina kapasita ya kuzuia DC. Zinachukua nusu ya wimbi na kuizidisha kwa kama 2.2 ili ziseme thamani ya AC. Ukiipa DC ya 14.2 nayo inaizidisha vilevile: 14.2 mara 2.2 ni 31. Geuza nyaya, nyekundu kwenye hasi na nyeusi kwenye chanya, utaona inasoma sifuri. AC ya kweli haijali umegeuza au hujageuza.

Kwa hiyo kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu altaneta.

#9 Volti_Kumi_na_Nne
Naongezea kwa Mita_Mkononi: kiwango kidogo kabisa cha AC kwenye mita hizo ni 200V na kinahesabu kwa hatua za 0.1. Altaneta nzima huwa chini ya 0.1, kwa hiyo mita hiyo haitakuonyesha mawimbi yake. Haitoshi kukuambia kama kuna 0.05. Azima mita yenye milivolti za AC.

Ila kuna kipimo kingine kisichohitaji mita: sikio. Chukua altaneta yenye poli (ncha za sumaku) 12. Inatoa vilima 36 vya umeme kila ikizunguka mara moja. Injini ikiwa sailensa (bila kukanyaga mafuta) kwenye mizunguko 800, na puli ikiizidisha mara 2.5, altaneta inazunguka mara 33 kwa sekunde. 33 mara 36 ni kama 1,200. Hiyo ni sauti nyembamba ya mluzi. Daiodi moja ikikatika, mpangilio unavunjika na kinachosikika zaidi ni sauti nzito mara sita chini yake, kama 200, mngurumo. Mleta mada kasema mluzi mwembamba. Hayo ni mawimbi ya kawaida ya altaneta nzima, yamepata njia mbovu ya kuingia kwenye sauti.

#10 Koili_Moto
Kwa hesabu sawa. Ila ndani ya gari, spika za mlangoni haziko sawa masafa yote, na daiodi inayovuja haifanani na iliyokatika. Sikio lisimalize kesi.

Njia ya mkato: injini ikiwaka toa terminali ya betri. Injini ikizima, altaneta ni mbovu.

#11 Mita_Mkononi
USIFANYE HIVYO. Nimeweka herufi kubwa kwa makusudi. Betri ndiyo inayotuliza altaneta. Ukiitoa wakati inachaji, volti inaruka makumi kwa muda mfupi kabla regyuleta (kidhibiti volti) haijawahi kuishusha. Kinachokufa ni kompyuta ya injini, redio, na regyuleta yenyewe. Ilikuwa kipimo cha magari ya zamani yenye dainamo na platini, haiendani na gari lenye kompyuta.

Mbadala salama: injini ikiwa imezimwa, chomoa ile plagi ndogo nyuma ya altaneta, kisha washa, uache sailensa. Hapo haichaji. Mluzi ukipotea, chanzo ni altaneta, lakini bado hujajua kama ni mbovu au ni nzima yenye njia mbaya ya ethi. Ukibaki, acha altaneta, tafuta koili za plagi au pampu ya mafuta. Pampu ina mlio usiobadilika na mafuta. Usitoe mkanda wa altaneta, kwenye injini hiyo unazungusha na pampu ya maji.

#12 RCA_Safi
Kwa majibu ya #6, nadhani wote mmeruka kitu. Sauti sifuri mluzi upo, RCA nje kimya. Maana yake kelele iko kwenye ganda la nje la RCA, ile hasi. Ndani ya redio nyingi, hasi ya RCA inaunganishwa na bodi ya redio kwa kijinjia chembamba sana cha shaba au fyuzi ndogo ya kuchomelea kwenye ubao. Ikitokea amplifaya imepoteza ethi yake hata mara moja huku RCA zimechomekwa, umeme wote wa amplifaya unatafuta kurudi kupitia hiyo RCA. Kijinjia kinaungua. Kuanzia siku hiyo redio inalia mluzi hadi mwisho. Ndiyo sababu ya onyo la #3.

Pima: chomoa redio, mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye ganda la nje la RCA ya redio, mwingine kwenye mwili wa chuma wa redio. Iwe karibu sifuri, chini ya omu 1. Ukipata kilo-omu au wazi, imeungua. Wengi wanazungusha waya wa shaba kwenye maganda ya RCA na kuufunga kwenye mwili wa redio, mluzi unakwisha.

#13 Ethi_Kwanza
Kuzungusha waya ni kiraka. Fungua redio, chomea daraja kwa risasi pale palipoungua. Na usifanye lolote kabla ya kurekebisha ethi ya amplifaya, la sivyo utaunguza tena, safari hii waya wa RCA wenyewe.

#14 Kanda_ya_Ziwa
Mimi nauliza RCA zimepita wapi. Zikipita pamoja na waya mkubwa mwekundu, zinanyonya kelele. RCA zipite kulia, umeme kushoto.

#15 Volti_Kumi_na_Nne
Hilo linasemwa sana kuliko linavyotokea. Waya wa betri kwenda amplifaya unabeba DC yenye mawimbi madogo, na RCA yenye ganda zuri haiathiriki kirahisi. Jaribu lisilo na gharama: vuta RCA nyingine juu ya viti, nje kabisa, kutoka redio hadi buti. Mluzi ukibaki, njia ya waya haina kosa. Kubomoa kapeti kabla ya jaribu hilo ni kazi bure.

#16 Kanda_ya_Ziwa
Jaribu la waya wa juu ya viti nalikubali. Ila kwenye zile RCA nyepesi zenye ganda la nyuzi chache, nasimama na nilichosema.

#17 Waya_wa_Mbele
Tuje kwenye betri kulala. Hapo si altaneta wala ethi, ni jinsi redio ilivyofungwa. Redio mpya ina waya wa njano (umeme wa kudumu), mwekundu (ACC, umeme unaokuja ukigeuza ufunguo), na wa bluu wenye mstari mweupe (rimoti ya kuwasha amplifaya). Mafundi wengine wakikosa ACC wanaunganisha njano na mwekundu pamoja. Redio haizimi, rimoti haizimi, amplifaya inakesha. Amplifaya bila muziki inakula kama nusu ampia hadi moja na nusu.

Hesabu: betri ya NS40 ina kama Ah 35, yaani ampia 35 kwa saa moja. Kitu cha ampia 0.7 kinaimaliza kwa kama saa 50, na starta inashindwa mapema zaidi. Siku mbili za mleta mada hizo hapo. Zima gari, chomoa ufunguo, nenda buti. Taa ya amplifaya ikiwa inawaka, umepata.

#18 Dereva_Chalinze
Kwa hiyo kwenye plagi ya Toyota natafuta waya wa njano ndiyo umeme wa kudumu?

#19 Waya_wa_Mbele
Hapana! Na ni vizuri umeuliza. Rangi nilizotaja ni za redio za kununua. Kwenye plagi za Toyota yenyewe, ile ya pini 10: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi, kijani ni mwanga wa usiku. Njano ipo kwenye plagi ndogo ya pini 6, na ni hasi ya spika ya nyuma kushoto. Ukiigusisha na volti 12, unaua ile IC ya sauti ndani ya redio papo hapo. Na hata hivyo, thibitisha kwa testa kila waya. Gari lililotumika Japani likaja kupita mikono kadhaa huku, rangi si ushahidi.

#20 Mvita_Sauti
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwenye matatu shida kubwa ni ile taa nyekundu. Tenganisha: zima, toa nyaya zote za spika na RCA kwenye amplifaya, washa. Ikiwaka nyekundu bila spika na bila RCA, transista za ndani zimeenda shoti, peleka kwa fundi wa elektroniki. Ikikaa kijani, rudisha spika moja moja. Waya wa spika unaogusa bati la mlango ndio huleta hilo, angalia pale kwenye mpira wa bawaba. Mlango unafunguliwa kila siku, waya unakatika ndani ya ngozi bila kuonekana.

Pima na omu za spika zikiwa zimetolewa. Spika ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.6. Sabufa yenye koili mbili za omu 4, ukiziunganisha sambamba inakuwa omu 2. Ukiifunga hiyo kwa kuunganisha chaneli mbili za amplifaya kuwa moja, amplifaya nyingi za chaneli 4 zinataka omu 4 hapo. Itakata kila sauti ikipanda.

#21 Volti_Kumi_na_Nne
Mvita yuko sahihi, ila mleta mada anasema inakata zaidi taa na AC zikiwashwa. Omu za spika hazibadiliki kwa kuwasha taa. Hiyo ni volti kushuka. Pima hivi muziki ukiwa juu, taa, AC na feni vikiwa vimewashwa:

Mita DC, mguu mmoja hasi ya betri, mwingine hasi ya amplifaya. Isizidi 0.1, ukipata 0.2 bado unavumilika. Kisha chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya, isizidi 0.5. Utahitaji kipande cha waya mrefu wa kupimia. Kipimo cha omu hakifai hapa, waya uliobaki nyuzi tatu utasoma sifuri vizuri tu, tatizo linaonekana mzigo ukiwepo.

Na kagua waya wenyewe. Kwangua nyuzi kwa kisu, ndani ukiona nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba. Mita 5 za waya wa milimita za mraba 8, ukipitisha ampia 40: shaba inapoteza volti 0.43, hiyo ya alumini karibu 0.7.

#22 Sabufa_Tulivu
Amplifaya yangu imeandikwa wati 3000, inahitaji waya gani?

#23 Mita_Mkononi
Fyuzi yake ni ngapi?

#24 Sabufa_Tulivu
25, ipo moja.

#25 Mita_Mkononi
Basi mkuu, 25 mara volti 13.8 ni wati 345 zinazoingia. Kama ni ya daraja AB, kwenye spika zinafika kama 200, zilizobaki ni joto. Zile 3000 ni za kwenye karatasi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8 unakutosha, na usikose fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya, inalinda gari lisiungue waya ukichunika.

#26 Dereva_Chalinze
Na kwenye Coaster ya volti 24? Wengi wanachukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili.

#27 Mvita_Sauti
Usichukue katikati. Betri inayoliwa inabaki na njaa, ile nyingine inachajiwa kupita kiasi kwa sababu altaneta inaona jumla tu. Mwisho zinakufa zote mbili. Funga dropa ya 24 kwenda 12 yenye ampia zinazozidi fyuzi za amplifaya. Na uiweke mbali na waya wa antena, dropa za bei rahisi zinachafua FM.

#28 Kanda_ya_Ziwa
Kwenye FM ongezeni na chaja za USB za kwenye soketi ya sigara na balbu za LED. Kelele ikiwa FM pekee, chomoa hivyo kwanza. Na redio nyingi za zamani za Japani zinaishia MHz 90, ukiweka kile kiboksi cha kuongeza masafa, hakikisha ganda la plagi ya antena linagusa vizuri.

#29 Boneti_Wazi (mleta mada)
Nimerudi na vipimo, mita ya kuazima.

RCA hadi mwili wa redio: omu 0.3.
Mzigo wote umewashwa, sailensa: betri 13.3, kwenye amplifaya 12.1. Upande wa hasi unapotea 0.6, upande wa chanya 0.6. Ethi ilikuwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Waya ukikwangua ni mweupe ndani.
Nimehamisha ethi kama #2. Hasi sasa inapotea 0.05. Amplifaya haikati tena. Mluzi umepungua sana lakini upo, unasikika nikiwasha taa kubwa.
Gari likiwa limelala: inakula ampia 0.62. Nikitoa fyuzi ya amplifaya inabaki 0.11.
AC kwenye betri, mita nzuri: volti 0.12 kwa mzigo wote.

#30 Ethi_Kwanza
Kazi nzuri. Mluzi uliobaki angalia waya wa hasi wa injini kwenda bodi, na ule wa betri kwenda bodi. Unawasha taa, mzigo unaongezeka, mawimbi yanapanda kwenye kiungo chenye kutu. Pima hasi ya betri hadi bloku ya injini, mzigo ukiwepo, isizidi 0.1.

#31 Koili_Moto
0.12 ipo juu ya 0.1. Na 13.3 ni ndogo. Na 0.11 inayobaki baada ya kutoa amplifaya inatoka wapi? Naendelea kusema daiodi inavuja.

#32 Waya_wa_Mbele
13.3 ni sailensa na AC. Apande hadi mizunguko 2,000, ikifika 13.8 altaneta haina deni. Na 0.11 inaweza kuwa hiyo redio ya Android, zipo zinazolala bila kuzima. Chunguza alisubiri muda gani pia, gari linahitaji kama dakika 30 milango ikiwa imefungwa kabla ya kusoma, na likishatulia linatakiwa kubaki chini ya 0.05. Ile nusu ampia ya amplifaya ni rimoti, haina mjadala.

#33 RCA_Safi
0.3 imenikatalia, nakubali kwa redio hii. Ila ipimwe pande zote, mbele, nyuma na sabufa. Kuna redio ambazo kila jozi ina njia yake.

#34 Mita_Mkononi
Mleta mada, bado vipimo viwili. Cha kwanza: gari limelala, toa fyuzi ya redio, soma ile 0.11. Ikishuka chini ya 0.05, Waya_wa_Mbele kashinda. Isiposhuka, toa hasi ya betri, fungua waya mnene wa altaneta na uufunge utepe wa umeme usiguse bodi, rudisha hasi kupitia mita, usome tena. Ikishuka hapo, Koili_Moto anayo hoja na altaneta ifunguliwe, daiodi zipimwe moja moja. Cha pili ni kile cha #30, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Usipige starta mita ikiwa imeunganishwa mfululizo, fyuzi yake ya ampia 10 itaungua hapo hapo, na mita nyingi ndogo upande huo hazina fyuzi kabisa.